Rekodi za redio za Agnes Moorehead: ipi uanze nayo, ipi uiache

Ukimtaja Agnes Moorehead, wengi humkumbuka Endora, mama mkwe mchawi wa tamthilia ya runinga ya Bewitched iliyoonyeshwa Marekani kuanzia 1964 hadi 1972. Ni kumbukumbu nzuri, lakini inampunja. Alipoingia kwenye tamthilia hiyo alikuwa na zaidi ya miaka thelathini ya jukwaa na redio, na kazi yake iliyo bora kuliko zote haina picha kabisa: ni sauti ya mwanamke aliyelala kitandani, ameshika simu. Sauti hiyo ipo hadi leo. Rekodi zake za redio zimejaa kwenye Internet Archive, maktaba ya mtandaoni ya archive.org, na yeyote anaweza kuzisikiliza au kuzipakua bila kulipa na bila kufungua akaunti.

Tathmini kwa ufupi: mali yenyewe ni ya daraja la kwanza, ila imepangwa kwa kubahatisha. Rekodi hizi zimepandishwa na watu wengi tofauti, kila mmoja na nakala yake, ndiyo maana kipindi kimoja utakikuta mara tano chini ya majina yanayofanana, tarehe zikipingana. Mgeni akibonyeza ya kwanza inayotokea anaweza kuangukia nakala mbovu kuliko zote, akasikiliza dakika nne, akaamua kwamba michezo ya redio ya zamani haisikilizeki. Kwa hiyo shika hizi tatu kwanza: "Sorry, Wrong Number" ya 6 Septemba 1945, "The Yellow Wallpaper" ya 29 Julai 1948, na santuri ya "Don Juan in Hell" iliyotolewa na Columbia mwaka 1952. Mbili za mwanzo ni za Suspense, kipindi cha michezo ya hofu cha CBS, mtandao wa redio wa Marekani. Nyingine zote zinaweza kungoja.

Moorehead alizaliwa 6 Desemba 1900 huko Clinton, Massachusetts. Ukikuta mahali pameandikwa 1906, huo ni mwaka aliopenda kuutaja mwenyewe. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kipresbiteri. Familia ilihamia St. Louis, Missouri, ambako binti alijiunga na kikundi cha waimbaji wa opera ya manispaa. Alisomea baiolojia katika chuo cha Muskingum, Ohio, akamaliza 1923, akafundisha miaka mitano kule Soldiers Grove, Wisconsin, kisha akaenda New York kusoma uigizaji katika American Academy of Dramatic Arts. Alihitimu 1929. Mwaka huo huo soko la hisa likaporomoka, kumbi za maonyesho zikakosa watazamaji, na waigizaji wapya wakalala njaa. Redio ndiyo iliyokuwa ikiajiri.

Mambo mawili ya historia hiyo yanasikika wazi kwenye rekodi. La kwanza ni matamshi. Huyu ni mtoto wa mhubiri aliyekuja kuwa mwalimu: hata anapopiga ukelele, konsonanti ya mwisho ya neno haimezwi. Kwa msikilizaji ambaye Kiingereza si lugha ya nyumbani hilo ni jambo kubwa, kwa sababu waigizaji wenzake wengi wa wakati ule walikimbiza maneno. La pili ni wepesi wa kubadilika. Katika miaka ya 1930 mwigizaji wa redio wa New York alitoka studio moja akaingia nyingine, akawa bibi kizee mchana na msichana jioni. Kwenye The March of Time, kipindi kilichoigiza habari za wakati huo, Moorehead alitoa sauti ya Eleanor Roosevelt, mke wa rais aliyekuwa hai na ambaye mwenyewe alisikika redioni mara kwa mara. Kuiga sauti ambayo taifa zima linaijua, msikilizaji akiwa na uwezo wa kulinganisha jioni hiyo hiyo, kunahitaji sikio kali kuliko kubuni sauti mpya.

Sasa tuje kwenye kazi kuu. "Sorry, Wrong Number" iliandikwa na Lucille Fletcher na ikarushwa kwa mara ya kwanza na CBS tarehe 25 Mei 1943. Bibi Stevenson, mwanamke tajiri wa New York ambaye hatoki kitandani kwa maradhi, anajaribu kumpigia simu mumewe ofisini. Laini zinaingiliana. Anawasikia wanaume wawili wakipanga kumuua mwanamke saa tano na robo usiku, wakati treni inapopita darajani, ili mlio wake ufunike ukelele. Anampigia opereta, anapiga polisi, anampigia opereta tena, na hakuna anayemchukulia kwa uzito. Mchezo mzima ni huo, wa nusu saa tu. Mwisho wake hatuutoboi hapa.

Siri ya mchezo huu iko kwenye ufundi wa sauti, na ukiielewa utajua mara moja nakala ipi ni nzuri na ipi imeharibiwa. Mwigizaji mmoja tu, Moorehead, anaongea moja kwa moja kwenye kipaza sauti. Sauti za upande wa pili wa simu zilipitishwa kwenye kichujio kinachokata besi na kukata sauti za juu, kwa sababu simu ya kawaida hubeba takriban hezi 300 hadi 3,400 tu. Matokeo yake, Bibi Stevenson ana sauti nene, ya karibu, yenye pumzi na mate, na ulimwengu mwingine wote unamjia ukiwa mwembamba kama unapita kwenye tundu la ufunguo. Msikilizaji amefungiwa chumbani pamoja naye. Hana sikio jingine la kusikilizia isipokuwa mkono ule wa simu.

Sasa fikiria mtu anachukua rekodi hii na kuipitisha kwenye programu ya kuondoa mikwaruzo, akakaza kila kitufe mpaka mwisho. Mikwaruzo inaondoka, lakini inaondoka pamoja na sauti za juu za Moorehead. Herufi "s" na "f" zinafifia, pumzi zinapotea, naye anaanza kusikika kama yuko kwenye simu sawa na wengine. Tofauti iliyobeba mchezo mzima imefutwa. Ndiyo maana ushauri wetu unaenda kinyume na matarajio ya wengi: kati ya nakala yenye mikwaruzo na nakala iliyosafishwa sana, chukua yenye mikwaruzo. Sikio huizoea ndani ya dakika mbili, ila sauti iliyokatwa hairudi.

Jaribio la haraka: sikiliza zile sekunde anapozungusha namba, kabla hajaongea. Chini ya mlio wa kibao cha simu unapaswa kusikia uvumi mwembamba usiokatika wa santuri. Ukisikia uvumi huo unazimika ghafla kila anaponyamaza na kurudi kila anapoongea, au sauti ina mtetemo kama wa mtu aliye ndani ya maji, achana na faili hilo utafute jingine.

Uigizaji wenyewe una ujasiri ambao usikilizaji wa mara ya kwanza haukuonyeshi. Moorehead hamfanyi Bibi Stevenson apendeke. Dakika za mwanzo ni mwanamke wa kuchosha: anaamuru, analalamika, anamkatiza opereta, anataja ugonjwa wake kama mtu anayeonyesha kitambulisho. Kwa muda wewe msikilizaji uko upande wa opereta. Halafu, bila kubadilisha mhusika, ile ile sauti ya kudeka inaanza kupasuka pembeni. Maneno ni yale yale ya kulazimisha, lakini pumzi imepanda kifuani na mwisho wa sentensi unapanda juu kila mara kidogo zaidi. Anavyozidi kuogopa ndivyo anavyozidi kuwa mkali kwa watu ambao wangeweza kumsaidia, nao ndivyo wanavyozidi kumjibu kwa adabu baridi ya kazini. Msikilizaji anajikuta anamwonea huruma mtu ambaye dakika kumi kabla alitamani akate simu.

Moorehead aliuigiza mchezo huu kwenye Suspense mara nane: 25 Mei na 21 Agosti 1943, 24 Februari 1944, 6 Septemba 1945, 18 Novemba 1948, 15 Septemba 1952, 20 Oktoba 1957 na 14 Februari 1960. Hapa ndipo wasikilizaji wengi hupotea, kwa sababu faili lenye lebo ya 1943 mara nyingi si la 1943. Usiamini jina la faili. Sikiliza tangazo la biashara. Kipindi kilipoanza hakikuwa na mdhamini, kwa hiyo matoleo mawili ya 1943 hayana matangazo ya bidhaa. Kampuni ya mvinyo ya Roma iliingia Desemba 1943 ikakaa hadi 1947: ukisikia mvinyo, unasikiliza toleo la 1944 au la 1945. Kuanzia 1948 hadi 1954 mdhamini alikuwa Autolite, wauzaji wa plagi na betri za magari: hapo ni 1948 au 1952. Ya 1957 na 1960 yana sauti safi ya mkanda wa sumaku, bila mikwaruzo ya santuri. Na ukikuta matangazo yote yametolewa na mwishoni inatajwa Armed Forces Radio Service, hiyo ni nakala iliyotengenezwa kwa ajili ya wanajeshi wa Marekani waliokuwa ng'ambo. Nakala hizo si mbaya, na nyingine zimetunzwa vizuri kuliko za awali, ila zimefupishwa na mara nyingine ufunguzi umebadilishwa.

Kwa nini tusipendekeze ile ya kwanza kabisa, ambayo ndiyo Maktaba ya Bunge ya Marekani iliiingiza kwenye orodha yake ya rekodi za kitaifa kwa mwaka 2014? Kwa sababu ina kasoro mahali pabaya kuliko pote. Vipindi hivi vilirushwa mubashara, bila kurudia. Kwenye matangazo ya pwani ya mashariki ya usiku ule, mwigizaji mmoja alikosea ishara ya kuingia katika sekunde za mwisho, na wasikilizaji wengi hawakuelewa mchezo umeishaje. CBS ililazimika kutoa maelezo hewani kwenye kipindi kilichofuata. Kwa anayeujua mchezo, rekodi hiyo ni hazina. Kwa anayeusikia mara ya kwanza inaharibu pigo la mwisho. Isikilize ya pili.

Toleo la 1945 tunaliweka mbele kwa sababu mwisho wake umekaa sawa na Moorehead ameshaujua mchezo kiasi cha kuthubutu kupunguza mwendo pale katikati, anapojaribu kujituliza. La 1948 lina historia yake: mwaka huo huo filamu ilitoka, na nafasi ya Bibi Stevenson alipewa Barbara Stanwyck, ambaye aliteuliwa kuwania Oscar kwa nafasi hiyo. Moorehead, aliyeitengeneza nafasi hiyo kwa miaka mitano, aliachwa. Mwezi Novemba akarudi kwenye kipaza sauti akaigiza tena. Linganisha toleo hilo na filamu uamue mwenyewe. Sisi tunaona kwamba kumwonyesha mwanamke huyu, nyumba yake na mumewe kunapunguza hofu, kwa kuwa kamera inamtoa mtazamaji nje ya kile chumba. Matoleo ya 1957 na 1960 yana sauti safi, lakini mwigizaji amekaribia miaka 60, koo limezama, na ule udekaji wa mwanzo unageuka uchovu. Hayo mwachie mtu anayetaka kuyasikia yote manane.

Mambo ya upakuaji. Faili la MP3 la nusu saa kwa kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde lina takriban MB 14. Kwa kilobiti 128 ni MB 28. Kwa kilobiti 32 ni MB 7. Rekodi hizi zote ni za mono, yaani mkondo mmoja tu wa sauti, na santuri za studio za wakati ule hazikubeba sauti za juu sana, kwa hiyo kilobiti 64 za mono zinatosha kabisa. Faili la 128 la stirio linakula bando mara mbili bila kukuongezea chochote, kwa sababu upande wa kushoto na wa kulia ni kitu kile kile. Kilobiti 32 usizichukue hata kama bando ni dogo: ukandamizaji huo unazisaga zile "s" na "f" kama tu usafishaji wa kupita kiasi. Kwenye ukurasa wa mkusanyiko utaona orodha ya aina za faili upande wa upakuaji. Fungua orodha yote, chagua kipindi kimoja kimoja. Ukibonyeza kupakua mkusanyiko mzima wa Suspense, jiandae: kipindi kilirushwa kuanzia 1942 hadi 1962, na vipindi vilivyosalia ni zaidi ya 900. Kwa MB 14 kila kimoja, hizo ni zaidi ya GB 12.

Tatizo la pili ni kasi. Vipindi vilihifadhiwa kwenye sahani kubwa za inchi 16 zilizozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, kila upande ukibeba kama dakika 15. Ndiyo maana katikati ya kipindi, karibu na dakika ya 15, unaweza kusikia sauti ikibadilika ghafla, mara nzito mara nyepesi: hapo upande wa pili umeanza. Hilo ni la kawaida. Lisilo la kawaida ni pale aliyenakili alipotumia mashine yenye kasi isiyo sahihi, Moorehead akasikika kama msichana. Kipindi kamili cha nusu saa kilikuwa na takriban dakika 29 na nusu. Ukikuta faili halijakatwa mahali popote lakini lina dakika 28 na robo, limekimbizwa kwa karibu asilimia 4. Kupunguza kasi kwenye kicheza sauti cha simu hakutibu, kwa kuwa programu nyingi hubadilisha mwendo zikiacha kimo cha sauti palepale. Lifungue kwenye Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti kwenye kompyuta, chagua badiliko linalogusa kasi na kimo kwa pamoja, weka hasi 4, sikiliza sauti ya mtangazaji wa kiume kwanza. Yeye akikaa sawa, na wengine wamekaa.

Sikiliza kwa hedifoni, usiku ikiwezekana. Kama upande mmoja wa faili ni hafifu, nenda kwenye mipangilio ya ufikivu ya simu yako uwashe sauti ya mono. Android na iPhone zote zinayo. Kwa anayeona Kiingereza kinamkimbia, simu nyingi za Android zina maandishi yanayotokea papo hapo kwenye skrini. Na ujue kabla kwamba namba za simu za New York enzi hizo zilianza na jina la kituo cha simu cha eneo, kama Murray Hill, ndipo zikafuata tarakimu. Bila kujua hilo, dakika ya kwanza inachanganya.

"The Yellow Wallpaper" ni mchezo mgumu zaidi kuusikiliza, na kwa maoni yetu ndiyo rekodi inayoonyesha upana wa Moorehead kuliko hata ile ya simu. Umetoka kwenye hadithi ya Charlotte Perkins Gilman ya 1892: mke wa daktari amewekwa kwenye chumba cha juu apumzike, amekatazwa kuandika, na siku baada ya siku anaanza kuona mwanamke nyuma ya nakshi za karatasi ya njano ya ukutani. Hapa hakuna simu, hakuna saa inayokimbia. Msimulizi anaandika kwa siri, na Moorehead anasoma kama mtu anayeogopa kusikiwa chumba cha pili. Bibi Stevenson anapanda ngazi za hofu waziwazi. Huyu wa pili anazidi kuwa mchangamfu kadiri akili inavyomtoka, na uchangamfu huo ndio unaotisha. Faili la 29 Julai 1948 lina tangazo la Autolite, kwa hiyo kulithibitisha ni rahisi. Aliurudia mchezo huu 30 Juni 1957. Toleo hilo nalo linasikika vizuri, ila la 1948 lina utulivu ambao la pili halina.

Kwa atakayetaka zaidi kutoka Suspense, "The Diary of Saphronia Winters" ya 27 Aprili 1943 ni chaguo zuri. Mwandishi ni huyo huyo Fletcher, na mwenzake Moorehead ni Ray Collins: mwanamke anaolewa haraka haraka na kupelekwa kwenye hoteli kubwa iliyofungwa. Hao wawili walifanya kazi pamoja kwenye Mercury Theatre ya Orson Welles na John Houseman, na kupokezana kwao maneno hakuna pengo.

Vipindi vya The Shadow vya 1937 na 1938, ambamo Moorehead ni Margot Lane na Welles ni shujaa asiyeonekana, tunaviweka chini kwenye orodha. Jina la Welles linavifanya vipakuliwe sana, lakini Margot kazi yake ni kuuliza maswali na kuokolewa, na mwigizaji wa uwezo huu hana pa kuutumia. Bora "Dracula" ya 11 Julai 1938, kipindi cha kwanza kabisa cha Mercury kwenye redio, cha saa nzima, kama MB 28 kwa kilobiti 64. Moorehead ni Mina, na dakika zake za mwisho zinastahili bando. Mayor of the Town, iliyorushwa kuanzia 1942 hadi 1949, yeye akiwa Marilly mtunza nyumba pamoja na Lionel Barrymore, ni burudani ya jioni ya familia. Nzuri, ya polepole, na ukisikia viwili umeelewa vyote.

Santuri ya "Don Juan in Hell" inagharimu pesa kama unataka sahani zenyewe, na tunasema inalipa. Ni sahani mbili, pande nne, za Columbia Masterworks. Mwaka 1951 Charles Laughton alichukua tendo la tatu la mchezo wa George Bernard Shaw, ambalo kwa kawaida huachwa kwa urefu wake, akalitengeneza kwa watu wanne: yeye mwenyewe, Charles Boyer, Cedric Hardwicke na Moorehead. Hakuna mandhari, hakuna mavazi ya maigizo. Viti virefu vinne, vishikio vya kuwekea maandishi, vipaza sauti, na waigizaji waliovaa mavazi rasmi ya jioni. Walizunguka Marekani nao, wakaujaza ukumbi wa Carnegie Hall mwezi Oktoba 1951.

Sikiliza upande wa kwanza kwa makini. Doña Ana, mhusika wa Moorehead, anaingia kuzimu akiwa bibi wa miaka 77, anaambiwa huku mtu hukaa na umri autakao, na papo hapo anakuwa wa miaka 27. Kwenye ukumbi wa kawaida kazi hiyo hufanywa na taa na nywele za bandia. Moorehead aliifanya akiwa ameketi. Koo linafunguka, ile mikwaruzo ya uzee kwenye vokali inatoweka, mwendo wa maneno unaongezeka kidogo, na mabega unayaona yakinyooka ingawa hakuna picha. Aliyejifunza uigizaji wa sauti arudie sehemu hiyo mpaka atambue kila kitu kimoja kilichobadilika, kwa sababu si kimo cha sauti peke yake. Wanaoiga uzee kwa kutetemesha sauti watajifunza hapa kwamba uzee unakaa zaidi kwenye pumzi na kwenye nafasi kati ya maneno.

Ukinunua sahani za mtumba, angalia kwanza upande wa kwanza na wa nne chini ya taa iliyolala pembeni, kwani hizo ndizo pande zilizochezwa zaidi. Sahani hizi ni za mono: kama kicheza santuri chako kina swichi ya mono, iwashe, na mikwaruzo mingi itapungua yenyewe. Mazungumzo haya ni marefu na ya hoja nzito, kwa hiyo sikiliza upande mmoja kwa siku.

Filamu na runinga zimeandikwa sana, nasi tunazipita haraka: filamu ya kwanza mwaka 1941, Citizen Kane, tuzo ya wahakiki wa New York kwa The Magnificent Ambersons ya 1942, uteuzi wa Oscar mara nne bila kushinda, Emmy mwaka 1967. Moja tu inahusu mada yetu. Tarehe 27 Januari 1961 alionekana kwenye kipindi kiitwacho "The Invaders" cha mfululizo wa The Twilight Zone, akiwa mwanamke wa shamba anayepambana na viumbe wadogo, na hasemi neno hata moja. Mwanamke aliyejenga jina kwa sauti anabaki na pumzi, milio na viganja. Itazame baada ya "Sorry, Wrong Number" na utaona kwamba pumzi ni ile ile.

Mwaka 1973 alirudi Broadway, kwanza na "Don Juan in Hell" iliyoongozwa na Houseman, kisha na Gigi, ambayo ugonjwa ulimlazimisha kuiacha. Alifariki 30 Aprili 1974 huko Rochester, Minnesota. Miezi minne kabla, 6 Januari 1974, CBS ilijaribu kufufua mchezo wa redio kwa CBS Radio Mystery Theater ya Himan Brown, na mwigizaji mkuu wa kipindi cha kwanza kabisa, "The Old Ones Are Hard to Kill", alikuwa Moorehead. Ni hadithi ya bibi ambaye mpangaji wake anaungama jambo akiwa anakata roho. Hadithi yenyewe ni ya kawaida, lakini yeye bado anatamka kila konsonanti. Nakala iliyokatwa matangazo ina kama dakika 45, takriban MB 22 kwa kilobiti 64. Ukikuta yenye taarifa ya habari na matangazo ya 1974, ichukue hiyo hata kama ni nzito zaidi, kwa kuwa ilirekodiwa moja kwa moja kutoka hewani na haijapitia mkono wa mkataji.

Jambo la mwisho ni la sheria. Rekodi kupatikana bure hakuzifanyi kuwa zako: sheria ya hakimiliki ya Marekani ya 2018 inalinda pia rekodi za sauti za kabla ya 1972, na zile za miaka ya 1940 bado hazijatoka kwenye kipindi cha ulinzi. Kusikiliza na kufundishia darasani ni jambo moja. Kuzipandisha kwenye chaneli yako uzipatie matangazo ni jingine, na chaneli inaweza kufungwa kwa hilo.